Nilinyonyoa Nyuma Tu

Jumatatu, 4 Machi

Arlene kahamia Arizona. Eti anafuata jua. Miaka sitini na mitatu kwenye theluji ya Minnesota, leo ndiyo kagundua kuna jua! Yangu macho. Lakini kaacha nafasi ya nne kwenye mbio za kupokezana, na nafasi hiyo ni yangu. Naandika hapa mapema ili asije mtu akasema sikusema.

Miaka kumi na moja nimekuwa mwogeleaji wa akiba. Kumi na moja! Kila Machi timu yetu ya akina mama inakwenda mashindano ya jimbo. Wenzangu wanne wanaruka majini, mimi nashika mataulo. Kwenye korido ya bwawa kuna picha ya mwaka ule wa medali ya shaba. Wanawake wanne, kofia kichwani, meno yote nje. Pembeni mwa picha kuna mkono umeshika taulo la kijani. Mkono ule ni wangu. Uso wangu haukuingia.

Waliobaki kwenye timu ni Lempi na wale mapacha, Bonnie na Connie. Anatakiwa mmoja. Kocha Duane kasema wagombea ni wawili: mimi Marlys Prebich, na Irja Salmela. Jumanne ijayo tutashindana, kwenda na kurudi mara moja. Mwenye kasi anaingia. Mwingine mataulo.

Sasa nisikilize, ewe daftari. Irja huyu alistaafu posta juzijuzi tu. Mpaka Januari nilikuwa namwacha kwa urefu wa mwili mzima. Februari ikaingia, kapunguza sekunde moja na nusu. Mwanamke wa miaka hamsini na nane! Hivihivi? Tena anakuja bwawani na soksi za sufu hadi magotini, anazivua dakika ya mwisho, chubwi, kashazama.

Anaficha nini kwenye miguu?

Najua anaficha nini. Tangu Novemba hakuna anayegusa vinyweleo vya miguu. Ndiyo desturi ya waogeleaji, hata wajukuu zetu shuleni wanaishika. Vinyweleo vinazuia maji, kwa hiyo baridi nzima unaogelea na manyoya yako kama dubu, unapata nguvu. Ijumaa ya kuamkia mashindano tunakwenda wote kwenye sauna ya Lempi, tunanyoa kwa wembe. Kesho yake ukiingia majini unateleza kama umepakwa siagi. Tunaiita Ijumaa ya Wembe. Anayenyoa kabla yake ni mwizi. Sina neno jingine.

Irja kanyoa.


Jumatano, 6 Machi

Upelelezi. Siku mbaya.

Jaribio la kwanza: nimeangusha sabuni kwenye mabafu ili nichungulie chini ya kizuizi. Sabuni imekwenda upande wa Connie. Connie kaikanyaga. Kasema mambo ambayo hayasemwi na mtu anayeimba kwaya.

Jaribio la pili: nimeogelea nyuma ya Irja, macho wazi, nikifuata miguu yake. Sikuona kitu ila mapovu. Miguu ya mwanamke yule inapiga kama mashine ya kufulia. Nikanywa maji, nikagongana na Bonnie uso kwa uso. Bonnie kaniuliza mbele ya watu wote, wee Marlys, unatafuta nini huko chini, umeangusha meno?

Meno yangu ni yangu! Yote isipokuwa mawili.

Jaribio la tatu: upole. Nikamfuata Irja kwenye benchi, nikamwambia shoga, soksi zako zimelowa, lete mguu nikusaidie kuvua. Kanitazama kidogo. Kasema asante mwenzangu, usijisumbue, miguu yangu ina baridi tangu utotoni.

Baridi tangu utotoni. Nani ana baridi tangu utotoni? Mtu mwenye nia safi hutoa mguu.

Dawa ya moto ni moto. Akinyoa, nami nanyoa. Ila wembe kwangu ni balaa. Wembe ukipita tu, vipele wiki nzima. Sabuni ya manukato, vipele. Sufu, vipele. Marehemu mama alikuwa akisema mimi nilizaliwa wa kwanza lakini ngozi yangu ilizaliwa kitindamimba, inadeka. Ijumaa ya Wembe kila mwaka natoka kwa Lempi miguu imekuwa nyanya.

Nimesoma kwenye gazeti, kwa daktari wa meno, kuna mashine ya kunyonyolea. Haikati. Inang'oa na mzizi wake. Miguu inabaki laini wiki tatu, nne. Laini kuliko wembe! Kwa nini hakuna aliyeniambia miaka yote hii? Nani alinificha?


Alhamisi, 7 Machi

Nimeinunua. Sikununua hapa mjini, maana hapa ukinunua dawa ya kuhara saa tatu, saa nne mchungaji anakuombea. Nimeendesha gari maili arobaini mpaka mji wa jirani, theluji inapiga kioo.

Muuzaji, msichana mdogo mwenye pini puani, kaniuliza ni ya nani. Swali la nini hilo? Nikasema ya mume wangu. Kasema mwambie aanze polepole. Nikasema nitamwambia.

Natoka dukani na mfuko nimeuficha kwapani, nakutana na nani? Irja Salmela! Saa mbili asubuhi! Maili arobaini kutoka kwake! Nywele zimelowa, zimeganda barafu, zinagongana kama shanga. Begi begani. Kafurahi kuniona. Kasema ala, Marlys, na wewe umekuja huku asubuhi? Nikasema nimefuata vitunguu. Kasema kwetu vimekwisha? Nikasema vya kwetu sivipendi.

Nimeendesha njia nzima nikiwaza. Kwa nini mtu aoshe nywele kwenye baridi hii kabla ya kwenda dukani? Begi lile lina nini? Nyembe. Kafuata nyembe mbali ili asionekane. Ujanja wa kishenzi! Mtu mzima anaendesha maili arobaini kuficha jambo kama hilo.


Jumamosi, 9 Machi

Leo ndiyo leo. Rudy, mume wangu, kaenda ziwani kuvua samaki kwenye tundu la barafu. Nyumba tupu. Nimefunga mlango wa bafu.

Mpango, na ni mpango wa akili nyingi: nyuma tu. Nikinyonyoa mguu mzima, Kocha ataona. Nikinyonyoa nyuma na kuacha mbele, nitasimama mbele yake na manyoya yangu kama kawaida, hatashuku. Nani anatazama nyuma ya miguu ya mama wa miaka hamsini na tisa? Rudy mwenyewe kaacha zamani. Nusu ya mguu ni laini, nusu ya sekunde ni yangu. Tena Ijumaa nitanyoa mbele pamoja na wenzangu na hakuna atakayejua.

Mashine ni ndogo, nyeupe, inakaa mkononi kama kipande cha sabuni. Ina vibano vidogo vinavyozunguka. Ina kasi mbili. Ina pia kifuniko cha kuvika kichwani mwake, cha watu wenye ngozi ya kudeka.

Na kijitabu. Kurasa kumi na sita! Oga kwanza maji ya moto ili ngozi ilegee. Jaribu sehemu ndogo, ngoja siku moja. Vuta ngozi ikaze. Anza na kasi ya kwanza. Vika kifuniko. Fanya jioni, vipele vipungue usiku. Baada ya hapo usiingie bwawani siku nzima.

Namjua mtu anayeandika hivi. Huyo anajikinga asishtakiwe. Au kalipwa na watengeneza nyembe. Mashine ikiwa na kasi ya pili, ya kwanza ni ya nini? Kifuniko nimekitupa kwenye kapu.

Nimewasha.

Mama yangu mzazi!

Nimezaa watoto watatu. Nimevunja mkono kwenye barafu. Niliwahi kufungiwa kidole kwenye mlango wa gari na mchungaji, naye akaendelea kuniuliza hali ya familia. Hayo yote yalikuwa mapumziko. Kitu hiki kinakuuma kila unywele peke yake, kisha kinakwenda kwa jirani yake. Nimeuma taulo. Nimepiga teke kikapu cha nguo. Mbwa kaingia chini ya kitanda na mpaka naandika hapa hajatoka.

Rudy karudi mapema, samaki wamegoma. Kagonga mlango wa bafu. Kauliza nani anawasha msumeno humo ndani. Nikasema naimba zaburi. Kasema haya, malizia.

Dakika hamsini. Miguu miwili, nyuma tu, kisigino mpaka juu ya goti. Nimepitisha kiganja. Laini! Laini kama kikombe! Irja, umekwisha.


Jumapili, 10 Machi

Vipele.

Si vipele vya kuhesabu. Miguu nyuma imekuwa kama kuku aliyenyonyolewa, kisha akapakwa pilipili. Kanisani nimevaa suruali ya sufu. Kosa! Wakati wa mahubiri nimejikuna kwa kitabu cha nyimbo. Wakati wa maombi nimejikuna kwa kisigino cha mguu mwingine. Mchungaji kaniambia mlangoni kwamba ameona jinsi neno lilivyonigusa leo.

Nyumbani nimetafuta barafu. Yetu imekwisha. Nje kuna theluji futi tatu lakini mbwa anajisaidia hapo nje, sikuiamini. Nikakuta mfuko wa barafu kwenye friza la Rudy gereji. Nikauweka chini ya miguu, nikalala juu yake robo saa. Raha ya ajabu!

Rudy kaingia, kauliza kwa nini nimelalia chambo chake.

Ilikuwa barafu ya chambo. Na visamaki vyake ndani. Sikuviona! Rudy kasema hata yeye hajawahi kuvifanyia hivyo. Nikamwambia akae kimya. Kakaa kimya, lakini kwa namna ya kusema kitu.

Hadi Jumanne vitaondoka.


Jumanne, 12 Machi

Havikuondoka. Vingine vimeota vichwa vyeupe.

Haidhuru, vipo nyuma. Nimekwenda bwawani saa kumi na mbili asubuhi, nimevaa suruali mpaka ukingoni. Nikavua nikiwa nimeegemea ukuta. Nikatembea kiubavu, mgongo ukutani, mpaka kwenye kibao cha kurukia. Kocha Duane kasimama mbele, upande wa pili, anatazama miguu yetu. Kaona manyoya. Katikisa kichwa, karidhika. Akili ni mali!

Irja kavua soksi, chap, kapanda kibao cha jirani. Sikupata kuona, maana nilikuwa nimekaza macho kwa Kocha nikitabasamu.

Kocha kasema jiandaeni. Tukainama.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa mtu angenikumbusha. Ukiinama kwenye kibao, nyuma ya miguu yako inatazama watu. Na nyuma yetu, na saa zao za kupimia mkononi, walikuwa wamesimama Bonnie na Connie.

Bonnie kapiga ukelele uliofika maegesho ya magari. Kasema Mungu wangu, Marlys, nini kimekula miguu yako? Connie kasema usimguse, usimguse! Kocha kapuliza filimbi, kazunguka bwawa mbio, kitu kilichokatazwa kwa maandishi ukutani. Kaja nyuma yangu. Kainama. Kaja mbele. Kainama tena. Karudi nyuma. Kasema, mama, mbona mbele una manyoya na nyuma huna?

Nilikuwa na sekunde moja ya kufikiri. Nimefikiri haraka sana, lazima nijisifu.

Nikasema ni maji! Dawa ya maji imezidi! Imenila ngozi, hadi nywele zimeng'oka!

Connie kashika kichwa chake kwa mikono miwili. Lempi, aliyekuwa majini tayari, katoka kama paka. Lempi ndiye mkubwa wetu, ana miaka sitini na saba, na sijapata kumwona akipanda ngazi kasi vile. Kocha kapauka. Kafunga bwawa palepale. Masomo ya watoto wa shule, yamefutwa. Mazoezi ya viungo ya wazee, yamefutwa. Mchuano wetu mimi na Irja, umefutwa.

Nimesikitika kwa ajili ya wazee. Lakini Irja hakuogelea! Hakuna muda ulioandikwa! Nimetoka pale nakuna miguu na kucheka.


Jumatano, 13 Machi

Fundi wa maji alipima jana mchana. Maji hayana kosa. Kasema ni maji safi kuliko ya kwake nyumbani. Namshuku fundi.

Kocha katuita wote, kamleta Nesi Colleen wa shule atukague miguu. Tumepangwa mstari kama watoto wa darasa la kwanza. Bonnie, mzima. Connie, mzima. Lempi, mzima, ana kovu la mwaka elfu moja mia tisa sabini na kitu na katusimulia habari yake yote.

Irja. Nikasogea karibu. Kavua soksi ya kwanza.

Msitu! Sijaona kitu kama kile! Vinyweleo vya rangi ya shaba, virefu, mbele, nyuma, pembeni, hadi vidoleni. Ungeweza kuvisuka. Nikasema ni vya bandia. Hakuna aliyenijibu, basi nikainama nikavuta kimoja.

Irja kapiga kelele. Kilikuwa cha kweli.

Kocha kaniambia Marlys, rudi kwenye mstari. Bonnie, ambaye hawezi kukaa na swali tumboni, kamuuliza Irja, sasa dada, kasi hii mpya umeitoa wapi? Irja kaona haya. Kasema bwawa la mji wa jirani linafunguliwa saa kumi na moja asubuhi. Anakwenda siku nne kwa wiki tangu Krismasi. Kasema ni mazoezi tu, shoga zangu.

Mazoezi! Na wakamwamini wote.

Zamu yangu. Nesi Colleen kavaa miwani, kapiga magoti nyuma yangu, kakaa huko muda mrefu. Kisha kauliza, kwa sauti ya mtu anayeita mabasi: mashine au nta?

Nikasema ni urithi.

Kasema mama, urithi gani huu unaoishia kwenye mstari ulionyooka pembeni mwa mguu kama ukingo wa zulia? Lempi kaanza kucheka. Lempi akianza hazimiki. Colleen kaendelea, kasema ngozi ya kudeka hainyonyolewi hivi, kavu na kwa kasi, tena hapa kwenye shavu la mguu wa kushoto pana usaha, hebu niambie uliweka nini. Nikasema barafu. Barafu gani? Barafu tu. Marlys, sema kweli. Barafu ya chambo.

Lempi ikambidi akae chini.

Kapewa nani vidonge? Mimi. Kakatazwa nani maji mpaka Jumatano, tarehe ishirini? Mimi. Bila barua ya Colleen waandaaji wa mashindano hawamruhusu mtu mwenye vipele kutia hata kidole. Mashindano ni Jumamosi.

Kocha Duane hakunigombeza. Katazama sakafu. Kasema, sawa basi. Hayo tu. Huku kwetu mtu akikuambia sawa basi na asiongeze neno, ujue umefika mwisho wa dunia. Halafu kamwambia Irja ndiye wa nne.

Nimekaa kwenye gari nusu saa kabla ya kuwasha. Nilitaka ule uso kwenye picha. Nasema kweli, hapa ambapo hakuna anayesoma. Nilitaka tu mjukuu wangu apite kwenye korido ile aseme huyu ni bibi.

Lakini nani alimwambia Colleen aje na miwani?


Ijumaa, 15 Machi

Ijumaa ya Wembe. Sikutaka kwenda. Lempi kapiga simu, kasema usipokuja tutakusengenya, ukija tutakusema usoni, chagua. Nikaoka viazi na nyama, nikaenda.

Saa tisa mchana, sauna imewaka, mawe yanachemka. Wamekaa kwenye mbao na mabeseni yao, wananyoa, wanaimba. Mimi kwenye ubao wa chini kabisa, suruali mwilini, natoka jasho kama jibini. Bonnie kasema Marlys, wewe keti kiubavu tuone upande wa dubu. Connie kasema hapana, tuone upande wa kuku. Wamecheka mpaka wakamwaga maji, Irja katoka kuchota mengine. Nami nimecheka kidogo. Irja karudi, kaninyoshea wembe wake, kasema chukua mwenzangu, maliza mbele, usikae nusu. Nikakataa. Kwa nini ananipa wembe wake?

Baadaye wakatoka nje kujitupa kwenye theluji, ndiyo kawaida. Lempi wa kwanza, miguu imenyolewa inang'aa, anapiga vigelegele. Kakanyaga ngazi ya mwisho. Ilikuwa na barafu. Nimesikia goti likilia mpaka ndani, nikatoka mbio.

Kocha alikuwa jikoni na mumewe Lempi, maana wanaume hawaruhusiwi. Kaja na blanketi. Goti limevimba palepale kama boga. Lempi kalia, si kwa maumivu, kasema mbio zangu, Duane, mbio zangu za kesho.

Kisha wote wakageuka.

Wakanitazama mimi. Bonnie, Connie, Irja, Kocha, na Lempi pale chini kwenye blanketi. Miaka kumi na moja nimesubiri kutazamwa vile. Mwogeleaji wa akiba! Mimi! Bila kushindana na mtu, bila ujanja, ningekuwa nimekaa tu nyumbani nikinywa kahawa wiki nzima, nafasi ingekuja mpaka mlangoni.

Halafu macho yao yakashuka, polepole, yote kwa pamoja, mpaka kwenye suruali yangu.

Kocha kampigia Colleen simu. Nimesimama karibu, nimesikia. Kasema Colleen, tafadhali, ni yadi hamsini tu. Sauti ndani ya simu ikasema hapana, Duane, ule mguu una usaha. Kasema nakuomba. Sauti ikasema hapana ni hapana.

Nimelia. Mbele yao wote, kwenye theluji, nimelia kama mtoto. Irja kanivika koti lake.


Jumamosi, 16 Machi

Njia ya tatu ilikuwa tupu.

Watangazaji wametaja jina la timu yetu, kisha wakasema imejitoa. Bonnie, Connie na Irja wamekaa ukumbini na kofia zao kichwani, miguu imenyolewa, hawana pa kuipeleka. Lempi kakaa na goti juu ya kiti. Timu sita zimeogelea. Walioshika nafasi ya tatu wametumia muda mrefu kuliko ule wa kwetu wa Februari. Sekunde nne zaidi. Kocha kaandika muda huo kwenye karatasi, kaikunja, kaitia mfukoni.

Ingekuwa shaba. Sote tulijua. Hakuna aliyenigombeza, na njia nzima ya kurudi Bonnie hakufanya mzaha hata mmoja. Ningependa afanye.

Mataulo nimeyarudisha kabatini yakiwa makavu.

Nimemwambia Rudy yote, mwanzo mpaka chambo. Kanisikiliza. Kasema Marlys, pengine safari nyingine ungefanya mazoezi tu. Nimemtazama sana. Kwanza, neno hilo la mazoezi kalitoa wapi?


Jumapili, 17 Machi

Irja kaja. Kabisha hodi saa nane, kabeba mkate wa iliki, bado wa moto. Mtu anakuletea mkate wa moto, lazima ujiulize.

Kakaa jikoni kwangu na soksi zake. Kasema mwenzangu, Lempi hatarudi majini mpaka mwakani, nafasi ni yako, ukiitaka. Kasema tuwe tunakwenda wote bwawa la mji wa jirani, anapita kwangu saa kumi alfajiri, gari lake lina joto kwenye viti. Kasema amechoka kuendesha peke yake, tangu dada yake afe hana wa kuzungumza naye njiani. Macho yamemjaa machozi kidogo. Hata mimi.

Nilikaribia kusema ndiyo. Nimejizuia!

Halafu, anapaka siagi mkate, kasema na yeye ana ngozi ya kudeka. Kasema majira ya kiangazi anatumia mashine kama yangu, mwaka wa ishirini sasa, hapati kipele hata kimoja. Nikamuuliza anafanyaje, kwa sauti ya mtu asiyejali. Kasema, oga kwanza maji ya moto, ngozi ilegee. Jaribu sehemu ndogo, ngoja siku moja. Vuta ngozi ikaze. Kasi ya kwanza, na kifuniko. Fanya jioni. Kaa mbali na bwawa siku nzima.

Nimeacha kutafuna.

Maneno ya kijitabu! Yaleyale! Moja baada ya jingine, kwa mpangilio uleule! Nimekwenda kwenye droo baada ya yeye kuondoka, nimelinganisha. Ukurasa wa nne mpaka wa sita, kila kitu kimo. Sasa najua nani aliwaandikia.

Mwaka wa ishirini, na hana kipele, na anataka mimi nikae mbali na bwawa siku nzima! Na ile ngazi ya Lempi, nani alitoka sauna kabla yake kuchota maji? Nauliza tu.

Mkate nimekula wote, ulikuwa mtamu. Kuhusu gari nimemwambia nitafikiria. Sifikirii.

Jumatano naruhusiwa majini. Jumatano asubuhi, kabla ya bwawa, nanyonyoa makwapa. Yote mawili. Kavu. Kasi ya pili.